Ukuta wa Kitani wa Bugarama

Kwa muda mrefu kazi za Mahoro zilikuwa kazi za kufunikwa. Alipaka kuta za maduka ya Kamembe rangi ya kampuni moja ya simu, kisha kampuni nyingine ikaja na rangi yake, naye akaitwa tena kuifunika kazi yake kwa mkono wake mwenyewe. Alipaka rangi ya chini katika vyumba vya wageni kando ya ziwa, na mafundi wa vigae wakapita nyuma yake. Alipaka darasa zima la chekechea, na muhula ulipokwisha walimu walikuwa wamelijaza picha za wanyama, namba na herufi kutoka sakafuni hadi darini. Hakulalamika. Alikuwa mwanamke mcheshi wa miaka thelathini na kitu, mwenye kitambaa cha kichwa kilichojaa madoa ya kila rangi aliyowahi kuitumia, na alipenda kusema kwamba kichwa chake ndicho ukuta pekee alioupaka ukabaki wazi. Watu walicheka. Yeye pia alicheka, ingawa si kwa muda mrefu kama wao.

Baba yake, Latifu, ni mshonaji. Cherehani yake iko barazani katika mtaa wa Waislamu wa Kamembe, mahali ambapo kila apitaye hana budi kusalimia. Hapo ndipo Mukantwari, mkulima wa mpunga kutoka Bugarama, alipomkuta Mahoro asubuhi moja. Mukantwari alikuwa amekuja kuchukua nguo aliyoshonewa, lakini alipomwona Mahoro na ndoo zake alitoa simu mkobani na kumwonyesha picha ya sebule fulani ya mbali.

"Angalia hii, Mahoro. Ni nguo, ama ni karatasi?"

Mahoro aliikuza picha kwa vidole viwili. Ukuta ulionekana umevishwa kitani, nyuzi zikipishana, hapa nene, pale nyembamba.

"Ni rangi, Maman. Rangi tupu."

"Unanidanganya."

"Sikudanganyi. Ni brashi njo inafanya vile."

Latifu alisimamisha cherehani. "Kitani ukutani," alisema. "Na suruali batashona na nini?"

Mukantwari alicheka, kisha akaeleza shida yake. Binti yake Benitha alikuwa anakaribia siku ya gusaba, yaani siku ambayo ukoo wa kijana huja nyumbani kwa binti kumwomba rasmi, kwa maneno mengi na utani mwingi. Siku hiyo kila nyumba hukodi satini na kuzitundika ukutani. Lakini katika gusaba ya mpwa wake, satini zile zilimwangukia mzee mmoja wa upande wa kijana.

"Tulimutafuta ndani kama mutoto aliyepotea ndani ya chandarua," alisema Mukantwari. "Mpaka leo akiniona ananiuliza kama nimekuja na pazia. Mimi nataka ukuta usioanguka."

"Nitakupakia, Maman."

"Bon. Lakini mimi si mujinga. Nshuti wa mapambo nimeshamuambia alete vitambaa vyake. Ukuta wako ukiwa muzuri, utabaki wazi. Ukiwa mubaya, Nshuti ataufunika, na hakuna muntu atajua kitu."

Alisema hivyo kwa wema, ili kumpunguzia fundi wasiwasi. Lakini neno lile la kufunika lilimwingia Mahoro kama mchanga ndani ya kiatu. Tangu siku ile hakuwaza jambo lingine. Alitaka ukuta mmoja, katika sebule moja, ambao watu wangekaa mbele yake wakautazama.

Alianza kwa kujifunza kitani chenyewe. Latifu alivuta droo na kutoa kipande kilichobaki baada ya kushona koti la mteja mmoja, akakitandaza juu ya meza mahali penye mwanga.

"Unaona nini?"

"Nyuzi za kulala na nyuzi za kusimama."

"Nionyeshe mbili zinazofanana."

Mahoro aliinama akatafuta. Uzi mmoja ulivimba katikati, mwingine ulikonda hadi karibu kupotea, mwingine ulianza kwa nguvu ukaishia kwa uchovu.

"Hakuna, Papa."

"Njo hivyo. Kitani hakipendi rula. Ukinyoosha sana, batu bataona daftari la mwanafunzi. Na jambo lingine: hakuna kitani chenye upana wa ukuta mzima. Kitambaa kina upana wake. Gawanya ukuta, weka mshono, kama muntu anayejua kushona."

Kulikuwa na shida ya brashi. Brashi maalumu ya kuchora nyuzi haikupatikana Kamembe, kwa hiyo Mahoro alinunua brashi pana ya chokaa, yenye manyoya magumu, akitaka kuipunguza hapa na pale ili iache mistari isiyolingana. Alinyoosha mkono kuchukua mikasi ya baba yake. Latifu aliiwekea kiganja juu.

"Mikasi yangu haikati kitu kisichokuwa kitambaa. Unajua. Mama yako alipotaka kukata kamba ya mbuzi wa Idi, nilimpa kisu."

"Papa, brashi hii inaenda kufuma kitani."

"Inaenda kuiga kitani."

"Na wewe cherehani yako inaiga nini? Koti la yule mteja si ulilitoa kwenye picha ya simu?"

Jirani aliyekuwa akikunja vitenge mlango wa pili alicheka kwa sauti. Latifu alimtazama jirani, akamtazama binti yake, kisha akavuta pumzi.

"Lete," alisema. "Kama ni dhambi, aifanye mwenye mikasi."

Aliyakata manyoya yale yeye mwenyewe, shada moja fupi, jingine refu, akisimama mara kwa mara kukitazama kile kipande cha kitani. Alipomaliza, aliinoa mikasi yake mbele ya kila mtu, kama anayeiomba radhi.

Kutoka hapo Mahoro alikwenda kwa Mulume, muuza rangi na vifaa vya ujenzi. Mulume alizaliwa Bukavu, na hauzi kitu bila mazungumzo. Mahoro alimweleza kwamba ukuta wa kitani unahitaji rangi mbili. Ya kwanza ni rangi ya chini, yenye mng'ao kidogo, kwa sababu ukuta usio na mng'ao hunywa rangi ya juu kabla brashi haijafanya kazi yake. Ya pili ni rangi angavu, nyembamba, isiyofunika kabisa. Hiyo ndiyo inayopakwa kisha kuburutwa kwa brashi kavu, mara moja kwa kulala na mara moja kwa kusimama, ili ile ya chini ichungulie katikati ya mistari na kuonekana kama uwazi kati ya nyuzi.

"Rangi angavu niko nayo ya aina mbili," alisema Mulume. "Ya mafuta na ya maji. Ya mafuta inakupa muda. Unapaka, unaenda kula, unarudi, iko inakungoja."

"Na harufu yake?"

"Harufu itakaa mpaka batoto bazaliwe."

"Basi ule ukoo utakuja kunusa, hautakuja kuomba binti. Nipe ya maji."

Mulume alimshauri achanganye na dhahabu kidogo, kwa kuwa ni sherehe. Mahoro alikataa. Alitaka rangi ya majani ya mpunga yaliyokauka, na chini yake rangi ya maziwa. Walichanganya tone kwa tone juu ya kipande cha katoni, wakakitoa nje kukiona juani, wakakirudisha ndani, wakaongeza kahawia, wakabishana, wakapunguza makali yake. Alichukua pia rola yenye manyoya mafupi, msasa laini, skochi, yaani utepe wa karatasi wenye gundi wa kugawanyia ukuta, shitingi ya kufunika sakafu, na fungu la matambara ya pamba, kwa maana brashi lazima ifutwe kila baada ya kuburutwa.

Mwishoni Mulume alisogeza chupa ndogo mbele yake. "Chukua na hii. Unatia ndani ya rangi, inachelewa kukauka."

"Mulume, hapa Kamembe? Na mvua hii, na ziwa hili? Kanzu ya Papa niliifua juzi, bado iko inafikiri. Kama una dawa ya kuharakisha, hiyo nitachukua."

Wote wawili walicheka, na chupa ikarudi kwenye rafu.

Alipaka ubao wa majaribio nyuma ya nyumba. Rangi ilitulia vizuri, brashi ya Latifu ikateleza, nyuzi za kulala zikaja, za kusimama zikapita juu yake. Aliuegemeza ubao ule barazani ili ukauke, na kabla ya saa sita mama mmoja aliyekuwa anasubiri nguo zake alikuja kuufinya kwa vidole, akauliza meta moja ni kiasi gani.

"Imeisha, Maman," alijibu Latifu bila kuinua kichwa. "Imebaki hiyo ya kuonyesha."

Basi Mahoro aliteremka Bugarama akiwa na ubao wake na furaha tele. Barabara inateremka, na kila kona joto linaongezeka, hadi unafika kwenye uwanda wa mpunga ambako watu wa Kamembe huanza kuvua masweta yao na kulalamika. Nyumba ya Mukantwari ilikuwa imepigwa plasta vizuri, kwa kuwa mume wake, Habimana, hufanya kazi ya simenti na hawezi kuvumilia ukuta wenye mawimbi. Mahoro alipiga msasa, akapaka rangi ya chini, ikakauka upesi ajabu. Alifurahi. Hakujiuliza kwa nini.

Kesho yake mchana alipima mapande, akayatenga kwa skochi, akapaka rangi angavu kwenye pande la kwanza kwa rola, akashika brashi. Mistari ya kulala ilitoka nusu ya ukuta tu. Alipofika chini, rangi ilikuwa imeshashika. Alipojaribu kupitisha mistari ya kusimama, brashi ilikwaruza, rangi ikavunjika vipande vidogo kama ukoko wa ugali. Aliharakisha kwenye pande la pili. Likawa baya zaidi. Alilowesha brashi, ikaacha michirizi.

Benitha alikuja mlangoni, akainamisha kichwa upande mmoja, kisha upande mwingine.

"Dada Mahoro, hiki ni kitani cha kushona, ama ni cha kubebea mihogo?"

"Ni gunia," alikiri Mahoro. "Usinicheke, niko napigana."

Mukantwari hakucheka wala hakugomba. Alitazama ukuta, akaenda uani, na kupitia dirishani Mahoro alimsikia akiongea kwenye simu kwa sauti ya chini. "Nshuti, ndiyo. Vile vitambaa usisahau. Ndiyo, ukuta wote."

Mahoro aliketi juu ya ndoo iliyogeuzwa. Jasho lilimtiririka hadi kwenye kidevu, na ni jasho hilo lililomfungua macho. Kila kitu alikuwa amekichagulia Kamembe. Ubao wake ulikuwa umekauka katika upepo wa ziwa na unyevu wa mvua, na yeye, mzaliwa wa mahali ambapo nguo hukaa kwenye kamba hadi zinasahaulika, hakufikiri hata mara moja kwamba kuna mahali ukuta unakunywa rangi kama mtu aliyetoka shambani. Alimpigia Mulume simu.

Mulume alicheka kwanza, na hakuwa na haraka ya kumaliza. "Ile chupa iko hapa," alisema. "Inakusalimia."

"Mulume, tafadhali. Hakuna muda wa kuingoja."

"Bon, sikiliza. Huko hakuna glisirini? Ile ya kujipaka mwilini. Tia kidogo, kidogo kabisa. Ukitia nyingi, ukuta hautakauka mpaka Benitha apate bajukuu."

Benitha alikuwa na chupa chumbani kwake. Aliileta akiwa ameikumbatia, na alipoona sura ya Mahoro aliacha utani. "Joto la huku linakausha mpaka ngozi," alisema. "Sisi wote tunaitumia. Kumbe na ukuta."

Walijaribu nyuma ya ule ubao, kifuniko kimoja kwa bakuli la rangi, na brashi ikapata nafasi ya kupita mara mbili kabla rangi haijashika. Lakini ubao ni mfupi na ukuta ni mrefu. Habimana aliporudi kazini akiwa bado na vumbi kwenye nyusi, alisimama nyuma yao akatazama mapambano yale.

"Nyinyi munabishana na jua," alisema. "Sisi simenti tunainyima jua. Tunailaza chini ya magunia yaliyolowa, inakauka kwa adabu."

Alikwenda ghalani, akarudi na magunia matupu ya mpunga, akayatumbukiza kwenye pipa la maji na kuyatundika kwenye madirisha yote mawili. Akamwaga maji sakafuni pembeni mwa shitingi. Sebule ikapoa, ikaanza kunuka kama shamba baada ya mvua. Jioni hiyo Mahoro alisugua mapande yaliyoharibika kwa msasa na kuyarudishia rangi ya chini, na kulipopambazuka, kabla jua halijakumbuka Bugarama, walianza upya.

Benitha alishika rola. Mahoro alikuwa ameogopa kumpa bibi harusi mtarajiwa kazi ya rangi, lakini Benitha alisema kucha zake bado hazijapakwa, na akitaka ataziacha na rangi ya mpunga. Mmoja alipaka, mwingine akaburuta. Kulala, futa brashi. Kusimama, futa brashi. Mahoro aliacha mkono wake utetemeke kidogo pale alipotaka uzi uvimbe, akaunyanyua pale alipotaka ukonde. Walipofika mwisho wa pande, waliruka moja na kwenda la tatu, ili skochi isibandikwe juu ya rangi mbichi. Mapande yaliyorukwa waliyamaliza baada ya kubadilisha maji ya magunia, na kila mahali mapande mawili yalipokutana ulibaki mstari mwembamba wa kivuli, mshono aliousema Latifu.

Mukantwari aliingia mara moja na chai. Aliweka sinia chini, akautazama ukuta, kisha akarudi jikoni. Mahoro hakujua aseme hiyo ni dalili gani.

Siku iliyotangulia sherehe, Nshuti alifika na gari lililojaa mabunda ya satini nyeupe na ya dhahabu. Ni kijana mtanashati, mwenye viatu vyeupe ambavyo hakuna anayejua anavisafishaje katika vumbi lile. Anawapamba maharusi wa wilaya nzima na kuweka picha zao mtandaoni.

"Eh, Mahoro wa kuta za simu," alimsalimu. "Leo ni kampuni gani?"

"Leo ni kampuni ya Benitha."

Nshuti alisogelea ukuta, akautazama kwa karibu, lakini hakuwa na muda wa kusifu. Alikuwa ameagizwa afunike ukuta wote, na ngazi ilikuwa imeshaingia. Aligeuka. "Umekauka? Kama bado uko mubichi siwezi kutundika. Satini yangu itashika."

Mukantwari alikuwa amesimama pale pale, ameshika mikunjo ya kitenge chake. Mahoro alijua kwamba neno moja tu lingetosha. Angesema bado, na Nshuti angerudisha ngazi yake garini, na ukuta ungebaki wazi hadi wageni waingie. Glisirini ingebeba lawama. Aliweka kiganja ukutani, juu ya mshono wa katikati, akakiondoa. Kilikuwa kikavu.

"Umekauka," alisema.

Alitoka nje kuosha brashi zake kwenye bomba. Aliziosha polepole kuliko ilivyohitajika, na kupitia mlangoni aliona satini ikipanda, nyeupe, kisha dhahabu, kisha nyeupe. Alijiambia kwamba si neno, kwamba ukuta upo hata kama hauonekani. Hakushawishika.

Ndani, Nshuti alitaka kujaribu mwanga kama kawaida yake. Alimwomba Benitha avae mushanana wake, lile vazi la hariri la kujitanda begani ambalo binti huvaa siku ya gusaba, asimame mahali ambapo kesho angesimama. Mushanana wa Benitha ulikuwa wa rangi ya maziwa na dhahabu. Nshuti alipiga picha, akaitazama, akakunja uso. Alimsogeza Benitha kushoto, akapiga tena. Akamsogeza kulia.

"Nini?" aliuliza Mukantwari.

"Hakuna kitu, Maman. Ngojea."

Alipanda ngazi, akafungua satini upande mmoja, akaiacha ianguke, akapiga picha nyingine. Safari hii hakusema ngojea. Aliikodolea simu macho, akaenda kwenye picha ya kwanza, akarudi kwenye ya mwisho.

"Kuja uone, Maman. Mimi siwezi kuweka hii kwa ukurasa wangu."

Katika picha ya kwanza hariri ya Benitha ilikuwa imeyeyuka ndani ya satini, na kilichoonekana ni kichwa na mikono miwili inayoelea. Katika ya pili, mbele ya ukuta wa rangi ya mpunga uliotulia nyuma yake, kila mkunjo wa mushanana ulionekana, hadi pindo lake.

Mukantwari alizitazama zote mbili. "Kesho banakuja kuomba binti yangu ama pazia?" aliuliza. "Shusha. Shusha yote. Peleka kwa hema huko nje, bakae nayo bale vijana."

Nshuti alishusha. Alipokuwa akipita na mabunda begani, alimkuta Mahoro amesimama kizingitini na brashi zikidondosha maji.

"Umenikatia kazi, dada."

"Hata mimi nimekatiwa nyingi."

"Umekatiwa na mimi?"

"Na bote ba kazi yako hii ya kufunika."

Nshuti alicheka, akautazama tena ukuta, safari hii kama mtu mwenye muda. "Nyumba ya shangazi yangu huko Giheke iko na sebule mbaya kabisa," alisema. "Tutaongea."

Siku ya gusaba wageni walijaa hadi uani. Msemaji wa upande wa kijana alikuwa mzee mwenye sauti nene na maneno yasiyokwisha. Aliposimama kuomba, alianza kwa kulalamika kwamba wamefika katika nyumba ambayo hata ukuta wake umevaa vizuri kuliko wao. Msemaji wa upande wa Benitha alimjibu kwamba ukuta hautolewi, hata wakileta ng'ombe wote wa nchi, kwa hiyo waombe kingine. Watu wakapiga makofi. Mahoro alikuwa amekaa nyuma pamoja na Latifu, ambaye alikuwa amevaa kanzu iliyokauka hatimaye. Akina mama wawili mbele yao walibishana kwa kunong'ona kama ni nguo au ni karatasi, na Latifu alimkanyaga Mahoro mguu kila alipotaka kuwaambia.

Baada ya kula zilifuata zawadi. Mjomba wa kijana, Jean de Dieu, alileta saa kubwa ya ukutani yenye picha ya Benitha na mchumba wake ndani ya kioo. Alitaka itundikwe hapo hapo, mbele ya watu wote. Mtu alimpa nyundo, mwingine msumari, naye akapanda kiti mbele ya ukuta wa kitani na kuupapasa kutafuta mahali pa katikati.

"Papa Jean de Dieu," Mukantwari aliita kutoka upande wa pili wa sebule. "Hapo hapana."

"Maman, saa inakaa ukutani."

"Ndiyo. Kuna ukuta kwa korido."

"Kwa korido nani ataiona?"

"Sisi wote tunapita huko kwenda kulala. Tutajua muda wa kulala."

Wageni walicheka. Jean de Dieu alitazama ukuta ule mrefu, uliokuwa na nafasi ya saa kumi kama ile, akamtazama Mukantwari, akashuka kitini. Aliondoka na saa yake kifuani, watu wakimfungulia njia, na baada ya muda nyundo ilianza kugonga kule koridoni. Mahoro alisikiliza mpaka msumari ukaingia wote, kisha akavuta sahani yake ya wali karibu na kuendelea kula.